Mgeni wa Meza ya Kwanza

Mgeni huingia nyumbani kwa watu na njaa yake na shida zake, lakini pengine huwaachia wenyeji dawa waliyoitafuta wasiione. Ndiyo maana wahenga wakanena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo yaliwatimia ndugu wawili wa ukoo wa Boscolo, katika mji wa Chioggia, pwani ya Italia.

Mkahawa wao ulikuwa mdogo kama kiganja: meza tisa, kulabu za makoti ukutani, na dirisha la jikoni lililofungukia meza ya kwanza. Hata hivyo, kila ilipofika saa saba mchana watu walijipanga nje hadi ukingoni mwa mfereji, wakingojea tambi za wino wa ngisi na kome waliopikwa kwa kitunguu saumu. Ivano, kaka mkubwa, alihudumia wateja. Ruggero, mdogo wake, alipika.

Tangu Pasaka ndugu hao hawakuwa wakisemezana. Siku hiyo Ruggero alimwambia kaka yake mbele ya watu kwamba wateja hufuata chakula, si sura yake. Ivano akajibu kwamba hata paka wa sokoni anajua la kufanya na samaki. Maneno yale yaliwawasha kama pilipili jichoni, na tangu hapo kila mmoja akawa anamtuma mgeni wa meza ya kwanza amfikishie mwenzake ujumbe. Wateja waliuona mchezo. Wengine waliomba meza ile makusudi, wapate kucheka.

Lisilojulikana na mtu ni kwamba sauti ya Ivano ilianza kukwaruza tangu Mei, na wiki tatu kabla ya siku ya kisa hiki madaktari walimkata kipande kidogo cha nyama kooni wakakipeleka kupimwa. Alikonda, na kila simu ilipolia alidhani ni hospitali. Lakini kumwambia Ruggero kungekuwa kushindwa, na kiburi cha Ivano kilikuwa kikubwa kuliko hofu yake.

Ijumaa moja ya Septemba aliingia mwanamke wa makamo, peke yake. Aliitwa Oriana, fundi wa kujalidi vitabu kutoka Ferrara. Ivano alimkalisha meza ya kwanza, mgongo wake ukielekea dirisha la jikoni.

"Nitazame ukisema," mama yule alimwambia kwa sauti ya juu kidogo. "Sisikii tangu utotoni. Nasoma midomo."

"Basi una bahati, mama," Ivano alimjibu. "Mpishi wetu ana mdomo mchafu."

Haikupita muda, kichwa cha Ruggero kikachomoza dirishani.

"Mama, samahani, mwambie huyo chura mwenye aproni kwamba sahani hazina miguu. Meza ya nne wanangoja."

Oriana aliendelea kumega mkate. Ruggero akarudia kwa sauti kubwa zaidi; wapi.

"Mama, mwambie mpishi," Ivano alisema, "chura ana mikono miwili tu."

"Mpishi si yuko hapo nyuma yangu?" Oriana alimuuliza. "Mwambie mwenyewe."

Watu wakacheka. Ivano alikuwa akiigeukia meza ya nne simu ilipotetema mfukoni mwake. Aliitazama namba, uso ukampauka kama majivu. Ilikuwa hospitali. Ruggero alikuwa amerudi kwenye moto wake unaovuma, mbali na dirisha, na nje kulikuwa na foleni. Akasimama kando ya meza ya kwanza, akiwapa wengine mgongo, maana pale, aliwaza, hapana sikio la kumsikia.

"Ndiye mimi, daktari," alinong'ona. "Sema tu... Si saratani? Una hakika?... Uvimbe mdogo tu. Dawa na kupumzisha sauti... Asante. Asante sana."

Akarudisha simu mfukoni. Hapo akahisi mkono begani. Alikuwa amesahau kwamba mwanamke yule alisikia kwa macho.

"Nisamehe, nimeyaona maneno yako," Oriana alisema, na sauti yake isiyojua kipimo ikajaa mkahawa mzima. "Mungu ashukuriwe. Si saratani."

Watu waligeuka kwenye viti. Kule jikoni kitu kizito kilianguka, kisha Ruggero akatoka, taulo begani, mikono myeusi kwa wino wa ngisi.

"Saratani ya nani?"

Kwa mazoea Ivano alimgeukia mgeni. "Mama, mwambie..." Lakini Oriana alikuwa ameketi, ameinamia sahani ya mkate, na hakuinua uso. Hapakuwa na wa kutumwa.

"Yangu," Ivano alisema hatimaye, akimtazama mdogo wake. "Koo hili. Walinikata kipande cha nyama kupima, wiki tatu sasa. Leo wamesema ni uvimbe tu, utapona."

"Wiki tatu," Ruggero alisema. "Na mimi niko hapo dirishani nakuita chura."

"Hukujua."

"Ningejuaje, kaka? Yaani ungekufa huku nakutumia salamu kwa wateja?"

"Ningekufa nimebeba tambi za meza ya nne."

Ruggero alijaribu kucheka, kikatoka kilio. Akamkumbatia kaka yake, akimpaka wino shati jeupe toka begani hadi kiunoni. Ivano alihisi kifua kikifunguka, kama mtu aliyetua gunia la chumvi baada ya mwendo mrefu. Mzee wa meza ya nne akasema tambi zingoje tu, yeye hana haraka.

Oriana aliinua uso. "Naweza kutazama sasa?"

"Tazama, mama," Ruggero alimwambia, akisogea mbele yake aione midomo vizuri. "Nikupikie nini?"

"Za wino. Na mkinituma tena, nafumba macho."

Kabla mchana haujaisha ndugu wale waligombana juu ya limau kwenye kome, uso kwa uso, Ruggero akifoka na Ivano akimjibu kwa mikono kama daktari alivyoagiza, na wote wawili walionekana wenye raha. Jumatatu mkahawa haukufunguliwa. Ruggero alikuwa amemsindikiza kaka yake kuchukua dawa. Oriana alikuja kula tambi tu, akaondoka na shibe yake, lakini nyuma yake aliacha watu wawili wazima. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.