Moyo Uliopimwa kwa Kadi ya Kaka

Hapo zamani, si zile za fisi kusema, zamani hii hii ya kadi za bima, waliishi Upareni ndugu wawili waliofanana sana: Eliamini na Kiondo. Eliamini alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge, na kazi ilimpa kadi ya matibabu. Kiondo alikuwa kibarua wa kubeba magunia, hana kadi wala dalili ya kuipata.

Siku moja Kiondo akabanwa na kifua, akaja kuazima kadi. Eliamini akakataa. "Mdogo wangu, dawa nitakununulia. Jina langu siliazimi."

Lakini Nakiete, mkewe Eliamini, alimhurumia shemeji yake. Mume alipokwenda kazini, akaitoa kadi sandukuni, akampa. Kiondo akapimwa moyo kwa jina la kaka yake, ukaonekana mzima. Kumbe ilikuwa misuli tu, magunia yale! Kadi ikarudi sandukuni, Nakiete akafunga mdomo.

Mwezi haukuisha. Eliamini akashikwa na kifua, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto mzito. Nakiete akampeleka hospitali. Daktari Tusekile akafungua faili.

"Baba, moyo wako tuliupima wiki tatu zilizopita. Ni mzima kabisa. Hivi ni vidonda vya tumbo."

Eliamini akageuka, akamtazama mkewe. Nakiete akainamisha uso. Mwanamume yule akaelewa yote. Akasema, "Ndiyo, daktari, nilipimwa." Akapewa dawa ya tumbo. Siku ya tatu wakamzika.

Nakiete alilia mpaka uchungu ukageuka hasira. Akamshtaki daktari mbele ya baraza la hospitali. Mfa maji haachi kutapatapa.

Daktari akasimama. "Nilisoma faili. Ningejuaje kwamba ni la mtu mwingine?"

Mwenyekiti akamuuliza, "Jasho uliliona?"

"Niliona."

"Na mashine ya kupimia ilikuwa wapi?"

"Chumba cha pili." Baraza likaguna.

Kiondo akasimama. "Moyo ule ni wangu. Kaka alininyima kadi, nikaipitia mlango wa nyuma. Lakini nilikuwa naumwa, sina kitu! Na daktari aliamini karatasi, akamwacha mtu aliyekuwa mbele yake." Baraza likaguna.

Nakiete akasimama. Hakuna aliyemwita.

"Kadi niliitoa mimi. Pale kwa daktari neno langu moja lingetosha, nikanyamaza kwa kuogopa polisi. Mume wangu naye alijua, akanyamaza ili nisifungwe. Alinisitiri mimi, nami nikamwacha afe."

Baraza halikuguna tena.

"Mama," akasema mwenyekiti taratibu, "umekuja kudai, au kuungama?"

"Sijui, baba. Nyumbani hakuna wa kumuuliza."

Wakashindwa kuamua, wakatawanyika. Nakiete akarudi kwenye nyumba tupu, na hakuna lililomfariji, wala sioni litakalomfariji.

Haya, wenzangu, semeni nyinyi, mimi imenishinda. Kuna aliyesoma asipime. Kuna aliyepimwa kwa jina la mwenziwe. Kuna aliyetoa kadi kwa huruma, akanyamaza kwa hofu. Na kuna marehemu, aliyeitikia "ndiyo" kwa mapenzi. Je, nani alistahili lawama? Na Nakiete, haki ya mumewe amdai nani?