Jibini Zilizofiwa

Jumatatu, tarehe tatu ya mwezi wa tisa, saa nne kasorobo asubuhi, mambo yalibadilika nyumbani kwa Bi Kondoo. Saa hiyo dada yake, Bi Mbuzi, alikata roho.

Kilikuwa kiangazi kikali. Majani yamekwisha, kisima kinatoa tope. Bi Mbuzi alikuwa ameliona jambo hilo mapema. Tangu masika alikamua maziwa yake na kutengeneza jibini za aina tatu, za kuwalisha wanawe wawili mpaka mvua zirudi. Alipozidiwa, alimwita mdogo wake kitandani.

"Jibini laini iache kwenye maji ya chumvi, na maji uyabadilishe kila wiki. Ile ngumu ivishe kitambaa. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni, inataka kupumua. Ile ya tatu iweke peke yake, ndani ya chungu chenye mfuniko, maana inanuka na itawanukisha wenzake. Na ukiona imeota ukungu wa buluu, usi..."

Hapo pumzi ikamwishia.

Usi nini? Bi Kondoo alimlilia dada yake siku tatu. Siku ya nne akafunua chungu, akayaona mabonge manne ya jibini, yote yameota ukungu. Akaanza kulia upya.

Fisi alikuwapo. Alikuja matangani siku ya kwanza, sinia la wali lilipotoka, na tangu hapo hajaondoka.

"Bwana Fisi, njoo uone. Dada alisema jibini inataka kupumua, na ikiota ukungu usi... sijui usi nini."

Fisi akachungulia. Mate yakamdondoka, akayafuta kama mtu anayefuta machozi.

"Usiiache bila kuizika, dada yangu. Bonge hili limekufa."

"Jibini inakufa?"

"Si uliambiwa inapumua? Kinachopumua hufa."

Bi Kondoo hakuona pa kubisha. "Basi twende tukalizike."

"Wewe mwanamke, utakwendaje makaburini? Niachie mimi."

Akatoka na bonge lote kifuani. Alirudi akicheua.

"Mbona unacheua, Bwana Fisi?"

"Ni huzuni hii. Inapanda na kushuka."

Kesho yake likafa bonge la pili, na keshokutwa la tatu. Siku iliyofuata Fisi aliweka sikio juu ya jibini ngumu, akatikisa kichwa. "Na hii imeanza kukoroma. Kesho haifiki adhuhuri."

Bi Kondoo akawatazama wale watoto wawili wa dada yake. Mbavu zao zilihesabika. Jibini zikifa zote, watakula nini? Akajifunga kanga, akaenda kwa Sungura.

"Ndugu yangu, nafiwa kila siku."

Sungura alimsikiliza mpaka mwisho. Masikio yalimcheza kidogo. "Pole sana, Bi Kondoo. Lakini Bwana Fisi anazika peke yake kana kwamba hana majirani? Aibu gani hii! Kesho tunakuja."

Asubuhi wakaja Sungura, Punda na Kobe, wamevaa kofia zao. Punda aliibeba jibini ngumu mgongoni, taratibu, kwa adabu zote.

"Kabla hatujatoka," akasema Sungura, "tuwaombee wale watatu waliotangulia. Bwana Fisi, makaburi yako upande gani?"

"Yako kule..." Fisi akafungua kinywa, harufu ya chungu kile ikatoka.

Punda akapiga chafya. Kobe akarudisha kichwa ndani na kofia yake. Kisha tumbo la Fisi likanguruma: gurururu!

"Ahaa, wamejibu wenyewe," akasema Sungura. Akamgeukia Fisi, akainua viganja mbele ya tumbo lake. Wengine nao wakainua vyao. Bi Kondoo alisimama amebana pua, na polepole akaelewa.

Fisi akataka kukimbia. Punda akamkanyaga mkia. "Unakwenda wapi? Tangu lini kaburi likatembea?"

Wakamlaza pale pale uani, wakamzungushia boma la miiba. Walimpa maji na makapi, wala hakuonjeshwa jibini mpaka mvua ziliponyesha. Wapita njia walimtolea salamu, na watoto walikatazwa kucheza juu yake.

Siku ile ile Fisi alipokamatwa, Sungura alikata kipande cha bonge la mwisho la buluu, akala. Akafumba macho. Akakata kingine.

"Unakula na ukungu wake?" Bi Kondoo akashtuka.

"Ndivyo inavyoliwa. Utamu wote uko hapo."

Bi Kondoo akakaa chini. "Usiogope," akasema. "Dada alitaka kuniambia usiogope."

Akaitia laini kwenye maji ya chumvi, akaivisha ngumu kitambaa, akalifunika bonge la buluu peke yake chunguni. Watoto wakala kidogo kidogo, jibini zikatosha hadi mvua.

Ee Mola, mrehemu Bi Mbuzi. Mpe mahali penye majani mabichi na kivuli cha baridi, na neno alilokatizwa umtimizie huko aliko. Amina.