Mshambuliaji Asiyekula

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa timu!
Ina kombe?
— Haina!
Ina maneno?
— Tele!

Basi sogeeni. Chande, wewe mwenye jezi mpya, usijifiche nyuma ya wenzako, njoo mbele hapa nikuone vizuri. Hadithi hii ni ya wanyama tu. Ukijiona umo, shauri yako.

Hapo kale wanyama wa Bondeni walikuwa na timu. Timu yenyewe sasa! Ikicheza na Nyani wa Mlimani, inafungwa. Ikicheza na Bata wa Ziwani, inafungwa. Siku moja ilicheza peke yake mazoezini, ikatoka sare.

Lakini ligi ikikaribia kuanza, hapo ndipo ungewaona. Nyumbu anatembea kifua mbele. Kanga anashona jezi. Punda, kiongozi wa ushangiliaji, anazunguka kijiji kizima na ngoma yake, ndu! ndu! ndu!

"Mwaka huu ni wetuuu!"

"Wetuuu!" wanaitikia.

Mwaka juzi walisema hivyo hivyo. Mwaka jana walisema hivyo hivyo. Haya hawana, kumbukumbu hawana. Na wasiwasi wanao, msidhani hawana! Kipa je, atadaka? Beki je, atakaba? Wanabishana habari ya kipa mpaka mboga inaungua jikoni. Paa la nyumba linavuja, hilo haliwanyimi usingizi. Beki wa kushoto ndiye anayewanyima usingizi.

Mwenyekiti wa timu alikuwa nani? Fisi. Mkubwa, ana nguvu, ana taya la kuvunja kinu, na tumbo halina mwisho. Kila mwaka kabla ya ligi kila nyumba inapeleka kwa Fisi chakula cha kambi, ili wachezaji wale washibe. Fisi anakipokea, anakifungia ghalani, anakila. Wachezaji wanaingia uwanjani matumbo yanapiga kelele, wanafungwa. Fisi anasimama na kusema, "Tumehujumiwa na mwamuzi!" Kisha anafukuza kocha. Mwaka jana alimfukuza Kobe, na maskini Kobe mpaka leo yuko njiani, hajafika kwao.

Mwaka huo mashabiki wakachachamaa. Wakaenda kwa Fisi na fimbo.

"Mwenyekiti," akasema Punda, "usipotuletea mshambuliaji wa maana, tunakutupa korongoni."

Fisi akacheka, hi-hi-hiii. "Jamani, wanangu! Nimeshampata. Anatoka ng'ambo. Mashine! Lakini klabu yake haimtoi hivi hivi, inataka chakula. Safari hii si kikapu kimoja kila nyumba. Leteni vyote."

Mngefanya nini nyinyi? Wao walileta vyote. Nyumbu akabeba mahindi yake yote. Kanga akabeba mtama wake wote. Punda akabeba mihogo yake, na juu ya mihogo akaweka ngoma, akawa anapiga huku anaporwa. Ghala la Fisi likajaa mpaka mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa na mgongo.

Sasa, palikuwa na Mama Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye, kale kanyama kadogo kenye miiba mgongoni, kakiguswa kanajikunja duara. Huyu mama alikuwa na watoto wadogo na kikapu cha kumbikumbi wakavu, akiba yao ya kiangazi. Siku hiyo alirudi kutoka kuchimba mizizi, akatazama pembeni mwa jiko, hakuna kikapu.

"Baba watoto, kikapu kiko wapi?"

"Kimekwenda kumleta mashine," akasema mumewe. Alikuwa amevaa jezi.

"Kiangazi ndicho hiki kimeingia. Watoto watakula nini?"

"Tukichukua kombe, utasahau kama kulikuwa na njaa."

"Kombe linaliwa?"

"Ah! Wewe mwanamke hujui mpira."

Kisha akatoka kwenda kwenye tawi la mashabiki kubishana habari ya kipa. Mama Kalunguyeye akawatazama wanawe. Wadogo wale, wamekaa karibu na jiko lisilo na moto, wanamtazama yeye. Akalia kidogo, machozi ya hasira. Halafu akajifuta, akaenda nyuma ya jiko. Lilikuwepo boga moja tu, kubwa, gumu, chakula cha mwisho cha nyumba ile. Akalichuma. Akalifunga kwa blanketi gubigubi. Akalibingirisha, gubu-gubu-gubu, mpaka kwa Fisi.

Alimkuta Fisi amekaa mlangoni mwa ghala, anatafuna kucha. Chakula anacho, mshambuliaji hana, na korongo halikuwa mbali.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba, bibie. Nini hicho?"

"Mshambuliaji. Mimi ndiye wakala wake."

Fisi akaruka. "Wa ng'ambo?"

"Kwani umewahi kumwona hapa?"

"Sijawahi!"

"Basi ni wa ng'ambo."

Fisi akalizunguka blanketi, akanusanusa. "Lakini bibie, nikuulize. Anakula sana?"

"Hali."

"Hali kidogo?"

"Hali kabisa. Asubuhi hali. Mchana hali. Jioni hali. Hata meno hana."

Mate yakamtoka Fisi, cho-cho-cho. Mchezaji asiyekula! Chakula chote kitabaki cha mwenyekiti! Akalipapasa boga juu ya blanketi. "Mh! Kifua hicho! Na miguu je?"

"Ameikunja. Mchezaji mkubwa haonyeshi miguu ovyo."

"Mbona hasemi?"

"Anasema uwanjani. Ila ana masharti, Mwenyekiti. Kwanza, anakaa mahali penye baridi na giza."

"Ghalani!"

"Pili, mlango usifunguliwe mpaka siku ya utambulisho. Akionwa mapema, hata na wewe, anavunja mkataba na anarudi kwao."

Hapo Fisi akasita. Akatazama mlango wa ghala. Tumbo likamwambia ngurrr. Kisha akakumbuka fimbo za mashabiki, akasema, "Sawa. Siku chache tu, nitavumilia."

Boga likaingizwa ghalani, mlango ukafungwa. Fisi akapanda jukwaani, akatangaza, "Wana Bondeni! Mashine imeingia! Chakula chenu chote kimekwenda ng'ambo kwa klabu yake. Kwangu hapa haikubaki hata punje!"

"Mwaka huu ni wetuuu!"

"Wetuuu!"

Hakuna aliyeuliza. Mahindi yote yale yamepita njia gani, yamebebwa na nani, hata mmoja hakuuliza. Waliuliza atavaa jezi namba ngapi.

Kuanzia siku hiyo wakawa wanashinda mbele ya ghala. Ngoma ndu! ndu! Tarumbeta paaa! Wanaimba mchana kutwa, "Mashine! Mashine! Hatari, mashine!" Na wakati wao wanaimba mbele, Mama Kalunguyeye na wanawe wanachimba nyuma. Kwaru-kwaru-kwaru. Shimo likatokea ndani ya ghala. Wakawa wanajibingirisha juu ya chakula, kinanasa kwenye miiba, wanatoka nacho. Mahindi, wakatoka nayo. Mtama, wakatoka nao. Mihogo waliivuta kwa kamba. Kumbikumbi wao walianza nao kabla ya vyote.

Fisi akatega sikio mlangoni. Kwaru-kwaru. Gubu-gubu.

"Bibie!" akamwita Mama Kalunguyeye alipopita. "Mbona nasikia vishindo?"

"Anafanya mazoezi, Mwenyekiti. Huyo hapumziki."

Fisi akawageukia mashabiki. "Mnasikia? Anafanya mazoezi!" Na Nyumbu akadondosha chozi, nawaambieni, chozi kabisa, kwa furaha.

Siku ya utambulisho ikafika. Wanyama wote uwanjani, jezi zinang'aa, matumbo yamebonyea. Fisi akaingia ghalani mwenyewe kumtoa mchezaji. Akaona boga limefungwa vile vile kwenye blanketi. Akaona sakafu tupu. Akaona shimo.

"Uuuwi! Chakula cha..."

"Chakula cha nini, Mwenyekiti?" akauliza Punda kutoka nje. "Si kilikwenda ng'ambo?"

Fisi aseme kimeibiwa? Watajua kilikuwemo. Anyamaze? Atakula nini? Akatoka na boga kichwani, anatabasamu, macho yamejaa maji.

"Chakula cha ubongo, jamani! Mpira ni chakula cha ubongo. Nawaletea... mashine!"

Akavuta blanketi, fyaa!

Uwanja mzima ukatazama boga. Boga, jamani. La kijani, lina kikonyo juu na alama ya udongo ubavuni. Mbele ya macho yao, jua linawaka, hakuna ukungu. Fisi mwenyewe alianza kurudi nyuma kinyumenyume, anaangalia pa kukimbilia.

Punda akakohoa. "Mmeona utulivu wake?" akasema.

"Ana utulivu sana," akasema Nyumbu.

"Na umbo," akasema Kanga. "Beki gani atamsukuma huyu?"

"Mwaka huu ni wetuuu!"

"Wetuuuuu!"

Wakalivalisha jezi. Mama Kalunguyeye hakuamini masikio yake. Alikuwa amepanga wacheke, wakasirike, wamfukuze Fisi, kila mtu achukue chake. Akapanda jukwaani.

"Jamani! Hilo ni boga! Nimelichuma mimi, nyuma ya jiko langu. Chakula chenu hakikwenda popote, Fisi alikificha ghalani. Mimi nimekitoa, kiko kwangu, chote. Njooni mkachukue mkawape watoto!"

"Umetumwa na Nyani!" akafoka Punda.

"Msaliti! Kila mwaka nyinyi mnatuvunja moyo kabla ya ligi!" wakadakia wengine.

Nyumbu peke yake akauliza kwa sauti ndogo, "Na mahindi yangu yapo?"

"Yapo, kaka. Njoo nikupe sasa hivi."

Nyumbu akapiga hatua moja. Wenzake wakamgeukia. "Unakwenda wapi, Nyumbu? Ukichukua mahindi si umekubali kuwa yule ni boga? Unaikana timu?" Nyumbu akaurudisha mguu wake, akaanza kuimba kuliko wote.

Ligi ikaanza. Boga likawekwa mbele kabisa, karibu na goli la Nyani. Likakaa. Nyani wakafunga, pwaa! Boga likakaa. Nyani wakafunga tena, pwaa! Wakafunga mpaka wakachoka kushangilia, mwisho wakawa wanapeana mikono tu. Na mashabiki wa Bondeni wakarudi nyumbani wanasema nini? "Hapati mipira, yule. Tatizo ni viungo." "Mpeni muda, hajazoea hali ya hewa." Mwamuzi pia walimtukana, asijione ameachwa.

Fisi alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Siku moja akanyemelea mlangoni kwa Mama Kalunguyeye, akabisha kwa ukucha.

"Bibie, hodi. Mimi na wewe tunajua lile ni boga. Nipe hata muhogo."

"Karibu sana, Mwenyekiti. Kawaambie wao kwanza, kwa kinywa chako, kisha uje ule ushibe."

Fisi akafikiria fimbo. Akafikiria korongo. Akaondoka anaburura mkia, na tumbo lake likiwa tupu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Jua la kiangazi likazidi, boga likaanza kuoza. Fisi akatangaza, "Mshambuliaji wetu ana maumivu kidogo ya nyonga. Atarudi mzunguko wa pili." Mashabiki wakasikitika sana. Wakapanga zamu za kumpepea nzi. Wana njaa ya kuanguka, chakula kimekaa mbele yao kimevaa jezi, na wao wanakipepea mpaka kinaharibika.

Siku ya zamu ya Baba Kalunguyeye, mkewe akamfuata. Amebeba sahani ya kumbikumbi wa kukaanga, bado wa moto, harufu imefika kabla yake. Watoto wamebaki nyumbani wanacheza, wameshiba.

"Mume wangu, nimekuletea chakula. Lakini nitazame, uniambie. Hicho unachokipepea ni nini?"

Baba Kalunguyeye akatazama sahani. Akameza mate. Akatazama kile kitu. Maji yanachuruzika, jezi imeloa, nzi ziii, ziii. Tumbo lake likalia mpaka mkewe akalisikia.

"Sema tu," akasema mkewe, sasa kwa upole. "Tuko wawili hapa. Wanao wanakuulizia kila siku. Sema, twende nyumbani."

Baba Kalunguyeye akashika upepeo wake vizuri.

"Anaendelea vizuri," akasema. "Jana alikuwa kijani, leo angalia, amepata rangi."

Mama Kalunguyeye akaichukua sahani yake, akarudi kwa wanawe.

Mnataka funzo? Funzo lipo, na ni zuri sana. Mwanamume mwenye msimamo haiachi timu yake. Ukiona akiba imekaa bure nyumbani, kimbiza kwa mwenyekiti kabla mkeo hajarudi. Akikuuliza, mwambie hajui mpira. Na ukiletewa boga, usilipike, Mungu wangu wee, wewe lisajili.

Nimetua mzigo wangu hapo. Aliyeelewa akanawe mikono ale, asiyeelewa akanunue jezi.