Sahihi ya Pili

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo mnisikilize. Palikuwa na mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Kijiji chao hakikuwa na mashine ya kusaga. Ukitaka ugali jioni, asubuhi unabeba debe la mahindi kichwani, unaupanda mlima mzima na kuushuka upande wa pili. Kwa hiyo wakachanga. Wengine waliuza kuku, wengine walilima vibarua, mpaka bei ya mashine ikatimia benki. Na ili pesa isiliwe na mjanja mmoja, wakaweka sharti: haitoki bila sahihi mbili, ya mweka hazina na ya katibu, wote wawili wakiwa wamesimama dirishani; na hata kubadilisha wenye sahihi ni lazima wawepo hao hao wawili.

Wiki ileile hao wawili wakagombana. Mnajua kwa nini? Kitenge. Katibu alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, akawagawia wenzake sare, mweka hazina akarukwa. Akaapa hatasimama dirisha moja na yule mwanamke. Walipomsihi akajibu, "Nitabeba debe mpaka nizikwe." Na akalibeba kweli, miaka kumi na sita. Mnadhani aliona aibu? Hata kidogo. Alijiona shujaa.

Siku moja mke wa mwanawe, mja mzito, akaanguka na debe kule mlimani, mimba ikaharibika. Mama akalia mpaka sauti ikamkauka. Kulipokucha akaenda benki peke yake, amewaka moto.

"Nataka pesa za kikundi chetu."

Karani akatafuta, akasema, "Mama, akaunti hii ililala. Haikuguswa miaka mingi, kwa hiyo pesa zilihamishwa kwenda kutunzwa serikalini."

"Sema tu mmezila."

"Hakuna aliyezila, mama. Zipo zote. Jazeni fomu hii, mje wawili, zitarudi."

Wawili. Alitamani kuichana ile fomu palepale. Lakini akaikunja, akashika njia mpaka kwa katibu, akamkuta anachambua mchicha.

"Sikuja kwa ajili ya kitenge," akasema, hata kiti hakutaka. "Nimefuata sahihi."

Katibu hakuinua uso. "Sahihi yangu inatoka kwenye mkono huu, mwenzangu. Anza kwa kuushika."

Alichukia, jamani. Kisha akamkumbuka mkwe wake aliyelala nyumbani, akanyoosha mkono.

Pesa zikarudi, hakuna hata shilingi iliyopungua. Wakaenda nazo dukani wakicheka kama wasichana. Muuza mashine akazihesabu mara mbili, akawatazama kwa huruma. "Mama zangu, kwa bei za leo, hizi zinatosha mkanda na chekeche. Mashine yenyewe, hapana."

Sasa niambieni, nani aliyeiiba mashine ile? Karani? Serikali? Pesa zilitunzwa vizuri kuliko walivyotunzana wenyewe.

Msinitazame mimi. Tazamaneni. Humu ndani tunao wanaoimba kwaya moja na hawasalimiani. Tunao ndugu wa tumbo moja, mmoja anakaa benchi la mbele, mwingine la nyuma kabisa, na shamba la baba yao limekuwa pori. Sisi tukiulizwa, tunasema Mungu anachelewa. Mungu hajachelewa. Kilichokosekana ni sahihi ya pili, na mwenye nayo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako.

Basi leo mimi nakataa. Ratiba inasema nitoe baraka, mwende nyumbani. Sitoi. Wazee wa kanisa wakitaka kunihamisha, wanihamishe kesho. Leo sitoi mpaka nione watu wawili wameinuka wakashikana mikono hapa mbele yangu. Nimekunywa chai na viazi, sina haraka. Na msidhani siwajui.

Nani anaanza?