Keki ya Mapichi ya Bi Pimbi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Sauti gani hiyo? Aliyesimama jikoni tangu asubuhi ni mimi, si ninyi. Paukwa!
— Pakawaaa!
— Pakawa na jiko, pakawa na makaa, pakawa na sufuria iliyofunikwa. Harufu yenu, keki yangu. Haya, sikilizeni.

Hapo kale, kule milimani kwenye baridi, alikaa Bi Pimbi, mdogo wa mwili, mgongo unamuuma. Nyuma ya pango lake uliota mpichi mmoja. Kila mapichi yakiiva, Bi Pimbi alipika keki. Alichuma, akamenya, akakoroga unga, akapanga mapichi, na juu yake akamwaga chenga za unga na sukari alizozifikicha kwa siagi kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha makaa chini ya sufuria, na makaa mengine akayapalia juu ya mfuniko. Yakififia, anapalia mengine. Yakififia, anapalia tena. Msiione hivi hivi, kazi hiyo inavunja kiuno.

Na kila msimu keki ikiiva tu, puu! Bwana Nyani huyo mlangoni, mabega mapana, meno nje.

"Hodi, Bi Pimbi! Nimesikia harufu."

Anakula yote, anajipangusa, anaondoka. Misimu mitatu Bi Pimbi hajaonja keki yake, hata chenga moja. Fungu lake lilikuwa kuosha sufuria.

Msimu wa nne Nyani akawahi mno. Alimkuta Bi Pimbi amelala mkekani. Wala hakuwa anajifanya, alikuwa amechoka kweli.

"Keki iko wapi?"

"Mapichi yako mtini bado. Keki ni yako yote, Bwana Nyani. Mimi nimechoka."

"Yote? Wewe huli?"

"Nguvu ya kula niitoe wapi? Kachume. Ila kila pichi utakalokula huko juu, keki yako inapungua."

Nyani huyo! Kukuru kakara, kukuru kakara, akachuma kikapu kizima. Hakula hata moja. Akarudi anahema.

"Tayari?"

"Bado kumenya, kukoroga na kufikicha. Keki ni yako yote, Bwana Nyani. Mimi nimechoka."

Kukuru kakara, kukuru kakara! Nyani akamenya, akakoroga, akafikicha, unga mpaka masikioni. Bi Pimbi anamwelekeza palepale alipo, jicho moja limefumba. Sufuria ikapanda jikoni.

"Imeiva?"

"Bado. Palia makaa, ushike kipepeo upepee moto."

Pe-pe-pe, pe-pe-pe.

"Imeiva?"

"Bado. Palia mengine."

Pe-pe-pe, pe-pe-pe.

"Nichungulie kidogo tu?"

"Ukiinua mfuniko mapema, inabonyea katikati. Lakini ni yako yote, Bwana Nyani. Mimi nimechoka."

Nyani akaogopa kuiharibu. Akapepea. Pe-pe-pe. Pe... pe... Kipepeo kikamdondoka mkononi. Khorooo, khorooo!

Bi Pimbi akainuka taratibu, magoti yanalia ko, ko. Akaondoa makaa, akafunua. Chenga zimekuwa rangi ya asali, maji ya mapichi yanachemka pembeni. Akamega, akapuliza, akatia mdomoni. Hapo akalia kidogo. Misimu mitatu, jamani! Akala hadi akashiba, na iliyobaki akaisukumia kwenye ufa wa jiwe, ambako mkono wa Nyani haupiti. Chenga za mwisho akampaka Nyani mdomoni, sufuria tupu akamwekea mapajani, akarudi mkekani.

Nyani akazinduka.

"Keki yangu!"

"Ipi tena? Si umeshaila?"

"Mimi?"

"Jilambe mdomo."

Nyani akajilamba. Tamu kweli.

"Mbona tumbo linanguruma?"

"Keki ya mapichi ni laini, haikai tumboni."

Nyani akafikiri, akakuna kichwa. Mwisho akauliza, "Wewe nilikubakishia?"

"Hata chenga moja."

Nyani akacheka mpaka pango likaitika. "Basi kweli nimekula mimi! Hakuna mwingine!"

Akaenda zake anajisifu, tumbo likimfuata nyuma kwa kelele. Bi Pimbi akafumba na lile jicho la pili.

Hadithi yangu imeiva, nimeifunua, mwenye pua amenusa. Na fundisho ni hili: jitumeni, watoto. Anayehangaika jikoni ndiye anayekula, na mvivu wa kulala mkekani hapati kitu.

Mnacheka nini? Keki hii hapa ni yenu yote. Mimi nimechoka. Nani anapalia makaa?