Mwizi wa Kisima cha Saba

Leo siwapi hadithi ya kulalia, nawapa kesi. Atakayesinzia katikati asije akanyoosha mkono mwishoni eti naye anapiga kura.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na chake. Mwajabu wa Muheza, mtunza ghala, alijaliwa kumbukumbu. Msomee ukurasa leo, mwakani atakurudishia wote, pamoja na pale ulipokohoa. Shemdoe wa Lushoto, mchora mabango ya maduka, alijaliwa mkono wa kuiga. Mpe barua mbili za mtu yeyote, ya tatu ataiandika yeye, na mwenyewe ataapa kuwa ni yake. Zamoyoni wa Korogwe, mtangaza mabasi pale stendi, alijaliwa sauti. Akisema basi la Arusha limefika, hata anayekwenda Dar anainuka na mzigo wake.

Wote watatu walikuwa wanachama wa Jamvi, kikundi cha waandishi cha kwenye simu, watu mia tatu na ushee. Nami nimo, ndiyo maana nasimulia kwa hasira, mtanisamehe. Kila Jumamosi saa kumi alasiri mwanachama mmoja hutandikiwa jamvi: kazi yake inasomwa kwa sauti, sote tunasikiliza, kisha tunamshangilia. Na kushangilia kwetu kuna sheria. Hakuna kutuma makopa na vidole gumba ukaenda zako. Lazima utaje mstari uliokugusa, uuandike kama ulivyo, ili mwenye kazi ajue kweli ulimsikia.

Mwenyekiti wa Jamvi alikuwa Bwana Sudi Makorere. Alilianzisha yeye, akatulea, hilo simnyimi. Lakini alichokuja kukifanya, wallahi, hadi leo sijakimeza.

Mwanahawa Mkwizu, fundi cherehani wa Handeni, aliandika hadithi ya marehemu kaka yake Chambo, mchimba visima aliyefukiwa na udongo akichimba kisima chake cha saba. Akaiita "Kisima cha Saba". Akamtumia Bwana Sudi faragha, amshauri. Bwana Sudi akamjibu, "Bado changa, mwanangu. Ifungie kwanza." Naye akaifungia. Miezi mitano baadaye Bwana Sudi akajitandikia jamvi mwenyewe, na hadithi inaitwa "Machozi ya Ardhi". Alibadili kichwa na majina, basi. Zamoyoni akaisoma, hana habari. Watu wakalia. Mimi nilitaja mistari minne, mjinga mimi!

Mwanahawa alipopiga kelele alitolewa Jamvini siku hiyohiyo, eti anachafua hali ya hewa. Aliyeuliza kwa nini naye akatolewa. Hayo yangevumilika. Lisilovumilika ni la mama yake. Mama aliisikia hadithi kwenye simu ya jirani, akamsikia mwanawe anavyofukiwa, mpaka ile kofia yake nyekundu, mpaka maneno aliyoyasema asubuhi ile akitoka nyumbani. Akamgeukia binti yake. "Umewauzia watu msiba wetu, Mwanahawa?" Tangu hapo akanyamaza. Chakula anapokea, salamu haitikii. Miezi miwili mizima mama na mwana nyumba moja, na neno hakuna.

Ndipo Mwanahawa akawapigia wale watatu, mmoja mmoja, akilia. Nao wakaapa kwamba mtu huyu ataumbuka mbele ya haohao waliomshangilia.

Mwajabu ndiye aliyeanza. Alipitia kichwani kila mstari ambao Bwana Sudi aliwahi kuutaja kwa miaka mitatu, kazi za watu wote. Siku ya tatu akawapigia wenzake.

"Jamani, huyu mtu hasomi!"

"Hasomi vipi?" Shemdoe akauliza.

"Mistari yake yote inatoka aya ya kwanza au ya mwisho. Katikati hajawahi kutaja hata mmoja. Katikati hapajui!"

Shemdoe akacheka kicheko kibaya. "Basi tutamzika hapohapo katikati."

Kazi ikawa ya Shemdoe. Akaandika kwa mkono wa mwanachama mgeni, mwenye haya, asiyejiamini. Kurasa kumi na mbili, mwanzo wa kulamba vidole, mwisho wa kutoa machozi. Ukurasa wa saba akaweka mhusika anayefungua barua, na barua yenyewe akaiandika kwa maneno yasiyo na chenga. Kisha akaituma kwa namba mpya, kwa unyenyekevu wote: "Shikamoo Mwalimu, naomba unishauri." Jibu likaja kabla chai haijapoa. "Bado changa. Ifungie kwanza."

Wiki tisa baadaye Bwana Sudi akatangaza kazi yake mpya, "Machozi ya Mbingu". Huyu mtu na machozi! Majina ya wahusika aliiamuru simu iyabadilishe yenyewe, hakulazimika kusoma kitu.

Ikabaki kwa Zamoyoni. Na hapa mjue jambo: Bwana Sudi ni mjomba wake, ndiye aliyemlea tangu alipobaki yatima, akamsomesha, akamwozesha. Ijumaa akampelekea kurasa zile.

"Zamo mwanangu, nisomee kama ulivyonisomea ile ya kwanza."

"Umeipitia yote, Mjomba?"

"Nimeiandika mimi, niipitie ya nini?"

Zamoyoni akasema sawa.

Jumamosi ile Bwana Sudi alialika majirani sebuleni kwake, akafunga spika ili wasikie kazi yake na waone anavyosifiwa. Zamoyoni akasoma. Ukurasa wa saba akaifungua ile barua kwa sauti yake ile ya stendi. "Hadithi hii si yangu. Wala Machozi ya Ardhi si yangu. Ni Kisima cha Saba ya Mwanahawa Mkwizu wa Handeni. Nilimwambia ni changa, nikaiiba, nikamfukuza. Jina langu Sudi Makorere." Akaendelea mpaka ukurasa wa kumi na mbili, kisha akasema kama anavyosema siku zote, "Jamvi liko wazi. Tajeni mistari."

Tukataja! "Hadithi hii si yangu." Mmoja, watu kumi, watu mia mbili, mstari uleule, kama sheria inavyotaka. Majirani sebuleni wanaichungulia simu yake, wanamtazama mwenyeji wao. Mimi niliutuma mara mbili, na nilisikia utamu, siwafichi.

Mwanahawa akarudishwa, na hadithi yake ikarudi kwenye jina lake. Mama aliposikilizishwa ile barua aliita, "Mwanangu, njoo tule." Wakala pamoja, wakilia.

Kumbe kesi ndiyo kwanza inaanza. Bwana Sudi aliandika Jamvini kwamba adhabu yoyote ataipokea. Sisi tukampa Mwanahawa rungu, aamue yeye. Akakataa. "Nikilishika mimi nitaua. Nitamkabidhi mmoja wa hawa watatu walionilipia kisasi. Atakachosema ndicho kitakachofanyika." Hapo urafiki ukaingia doa.

"Ni langu," Mwajabu akasema. "Bila mimi mngemtega wapi? Atoke moja kwa moja, na kila alichowahi kukiandika nitakipitia neno kwa neno, nitangaze alikokiiba."

"Wewe ulijua tu, mimi ndiye niliyetenda," Shemdoe akamjibu. "Na atoke aende wapi, akapumzike? Abaki! Kila Jumamosi asome kazi zetu zote, ataje mstari wa katikati, na yeye asitandikiwe jamvi mpaka anaingia kaburini."

Zamoyoni alikuwa wa mwisho. "Nyinyi mmepoteza nini? Mimi nimempoteza baba. Jumapili nilikwenda kwake, nikabisha hodi mpaka mkono ukaniuma. Anipe mimi. Mjomba aende Handeni, akae chini mbele ya yule mama, amsomee Kisima cha Saba yote kwa mdomo wake."

"Ahaa, unamtafutia msamaha mjomba wako!" Mwajabu akaruka.

"Msamaha? Yule mama amekwishasema, Sudi akikanyaga uwanja wake atammwagia maji ya moto."

Wakatukanana, wakakatiana simu. Mwanahawa amepewa mpaka Jumamosi saa kumi. Cherehani haigusi, kichwa kinamuuma, kila akimtaja mmoja anawaona wawili wengine. Jana mama yake alimuuliza, "Umeshampa nani?"

"Bado, mama. Wote wamenifaa."

"Fanya haraka basi. Mie sufuria ya maji nimeshaibandika."

Haya, mlio macho. Aliyejua, aliyetega, na aliyemtoa kafara mjomba wake. Rungu ni moja, na hukumu yake haina rufaa. Wewe ungemkabidhi nani, nawe ungeweza kumtazama Bwana Sudi akihukumiwa hivyo?