Jiwe la Nyati na Kokoto la Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani wa kuwachungulia, Pimbi aliishi juu ya genge, ndani ya pango lenye upepo mwanana. Wageni hawakukauka kwake. Chini, kwenye jua kali, aliishi Nyati, na kila akisikia vicheko vya huko juu, roho ilimuuma. Msicheke, wajukuu zangu, wivu huo hata nyinyi mnao!

"Mimi na pembe zangu niungue jua, kale kadudu kapate upepo? Thubutu!"

Akapanda, huku anahema, hee! hee!

"Pimbi! Hama. Pango hili ni la mkubwa. Ukibisha, tuangushe mawe."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Wakigombania kitu, kila mmoja huangusha jiwe lake ukingoni, yote kwa pamoja. Linalotangulia kutua limeshinda.

Pimbi akajishika kichwa. "Mama yangu! Kaka Nyati, kwa mikono hii? Wanangu watalala wapi? Basi nionee huruma: mawe yakitua pamoja, uniachie pango."

"Hahaa! Pamoja? Yakitua pamoja, nitakuchotea maji mpaka masika!"

"Mama Kanga, umesikia?"

"Nimesikia!" akaitika Kanga, jirani yao aliyekuwa akidonoa chini ya genge.

Nyati akasukuma kwa pembe jiwe kubwa kama tumbo lake. Pimbi akashika kokoto. Moja, mbili, achia!

Puu! Mlio mmoja tu.

"Pamoja!" akapiga kelele Kanga.

"Uongo! Unampendelea!" Nyati akasukuma jiwe kubwa zaidi, Pimbi akaachia kokoto jingine. Puu!

"Pamoja tena!"

"Huu uchawi!"

"Uchawi gani, kaka?" Pimbi akacheka. "Wanangu huangusha mawe hapa kutwa nzima, nami natazama. Jiwe lako linavutwa na ardhi kwa nguvu nyingi, lakini kwa uzito wake ni gumu kuondoka. Langu linavutwa kidogo, lakini ni jepesi kuondoka. Kama sisi tukiitwa kula: wewe huitwa kwa makelele, ukajikokota. Mimi naitwa kwa mnong'ono, nimeshainuka. Tunafika pamoja."

Nyati akalitazama pango, machozi yakimlenga. "Mtungi uko wapi?"

"Huo hapo. Na ukipanda na maji, ingia upumzike, upate upepo. Wageni wangu wote hufanya hivyo."

Maneno hayo yalimuuma kuliko jua.

Mmeona, wajukuu zangu? Wivu ulimbebesha Nyati mtungi, na upepo wenyewe angeupata kwa kupiga hodi tu.